Jina la Mdomo

Jumatatu, Machi 24

Nimehamishiwa Likoni. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kutoka dirishani naona watu wakishuka kwenda kwenye kivuko. Kazi ni ile ile niliyoifanya Magongo: kuchagua data ya ramani itakayowaongoza vijana wa boda wanaopelekea watu dawa na bidhaa majumbani. Magongo ilikuwa rahisi. Majumba ya kupangisha yana majina yaliyopakwa rangi ukutani. Huku nyumba hazina namba, vichochoro havina majina, na mtu akiagiza unga anaeleza anapokaa kwa kumtaja mtu mwingine.

Phineas, meneja wetu, anataka niwe nimechagua kabla ya mwisho wa Aprili. Mvua haijaanza. Chumba nilichopanga Timbwani kina joto la tanuri.

Alhamisi, Machi 27

Nimejaribu data ya kampuni ya ng'ambo, ile ya kununua kwa leseni. Barabara kuu ziko sawa. Msikiti mmoja wa Mtongwe, kitongoji cha hapa Likoni, umewekwa ndani ya maji. Majina ya vitongoji yameandikwa na mtu ambaye hajapata kuyasikia yakitamkwa.

Jumatatu, Machi 31

Idd. Rashad, mkuu wa vijana wa boda, amenitumia sahani ya pilau. Ni mzaliwa wa hapa, mtu wa maneno machache. Bado sijajua kama ni mpole au ni mvivu.

Ijumaa, Aprili 4

Chaguo la pili ni ramani huria, inayochorwa na watu wa kujitolea. Haina malipo, lakini ina sharti: ukiongeza kitu unakirudisha kwa wote, na yeyote aweza kukitumia. Vichochoro vyake ni vizuri kuliko vya data ya kulipia. Chaguo la tatu ni mapaa yaliyochorwa kutokana na picha za setilaiti. Nyumba zote za Likoni zimo, pamoja na vyoo na mabanda ya kuku, na hakuna hata moja yenye jina.

Basi njia ninazo na mapaa ninayo. Kilichobaki ni majina, na hayo hayauzwi popote.

Jumanne, Aprili 8

Nimemshawishi Phineas. Kila kijana wa boda akifika mlangoni atabonyeza simu na kusema kwa sauti jina analolitumia kupaita pale. Tutakusanya sauti zote, na jina litakalotajwa na wengi ndilo litakaloandikwa. Mimi sichagui, Phineas hachagui. Wenyeji wanachagua.

Amesema ni kitu safi. Mimi pia naona ni safi.

Ijumaa, Aprili 11

Mvua imeanza alfajiri. Feri zimechelewa.

Jumatano, Aprili 16

Majina yanaingia kwa wingi. Kwa Mama Uji. Penye Mashine ya Kusaga. Kwa Boga, ambazo ni nyingi mno, maana huku Boga ni jina la ukoo mzima. Vijana wakitofautiana sana natia alama ya swali.

Mahali pamoja kule Mtongwe hapakutiwa alama ya swali hata kidogo. Karibu kila kijana aliyepita amesema jina lile lile: Kwa Mchawi. Hakuna nukta ya ramani yenye makubaliano kama hayo katika kata nzima. Nimemwonyesha Rashad kwa sababu nilifurahi.

Alitazama skrini. "Hilo ni jina la mdomo," akasema.

"Jina la mdomo ni nini?"

"La kusema. Si la kuandika."

"Lakini watu wanalijua?"

"Wanalijua."

Alichukua kofia yake ya pikipiki akaenda kuswali. Nimeliacha jina lilivyo. Mapendeleo ya mtu mmoja si sababu ya kugeuza kanuni.

Alhamisi, Aprili 17

Phineas amekubali mchanganyiko wangu: njia za ramani huria, mapaa ya setilaiti, majina ya vijana. Majina tumeyarudisha kwenye ramani huria kama sharti linavyotaka, pamoja na barua yangu ya kueleza jinsi tulivyoyapata. Wale wa kujitolea wameshukuru sana. Wanasema hawajapata kupokea majina ya Likoni yenye uhakika kiasi hiki.

Jumatatu, Aprili 28

Tumeanza kuitumia ramani mpya rasmi. Vijana hawapigi simu tena kuulizia njia. Wanafika. Phineas amenunua soda kwa ofisi nzima.

Ijumaa, Mei 2

Mvua. Kichochoro cha kwangu kimekuwa mto. Nimetembea kwa kandambili hadi kazini.

Jumanne, Mei 6

Leo amekuja mwanamke anayeitwa Mwanarehema. Ni mshonaji wa sare za shule, ana cherehani yake hapa Timbwani, si mbali na kwangu. Alikuwa amelowa, na alikataa kiti mpaka alipohakikisha kwamba mimi ndiye anayehusika na ramani.

Akanipa simu yake. Alikuwa amemwagizia babake dawa ya presha. Ujumbe wetu ulisema: Mzigo wako umefika Kwa Mchawi.

"Hapo ni kwetu," akasema. "Huyo ni baba yangu."

Nilimwambia pole. Nikamweleza jinsi majina yanavyokusanywa. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza, na heshima ile ilinichosha kuliko kama angenigombeza.

"Jina hilo nalijua," akasema. "Lilianza ami yangu, nduguye baba, alipofariki. Walikuwa wamegombana na baba juu ya kiwanja cha hapo kwetu, kisha ami akaugua, akaenda zake. Mwanawe, Najib, ndiye wa kwanza kulitamka. Yuwataka kiwanja, maana barabara mpya imefika karibu na ardhi imepanda. Watu wakalidaka. Lakini, dada yangu, wakilisema hulisema kando. Baba akipita wanamwamkia shikamoo. Sasa Najib yuwazunguka na simu akiwaonyesha watu. Yuwasema, tazameni, hata kampuni yajua."

"Nitalifikisha kwa meneja," nikasema.

"Ni wewe uliyelitia?"

"Ni vijana wengi."

"Sikuuliza waliosema. Nauliza aliyelitia."

Nikasema ndiyo.

Jumatano, Mei 7

Phineas hakukataa. Alisema tu kwamba mabadiliko ya majina hufanywa pamoja mwisho wa mwezi, na kwamba ile ni nukta bora kuliko zote tulizo nazo. "Sasa ukitoa hiyo, boda ataambiwa ameenda wapi? Si ungoje tu tupate jina lingine lenye kura." Nimeona ana hoja. Nimejibu sawa.

Jumamosi, Mei 10

Sijalala vizuri, kwa hiyo nimekwenda Mtongwe mwenyewe. Nilitaka kumwona huyo mzee kabla ya kuamua kama namwamini binti yake.

Nyumba ni ya mawe, imeezekwa mabati, na jiko la makuti liko nyuma. Mzee mwenyewe, anayeitwa Boga, alikuwa akipigana na bata. Alikuwa ameingiza bata wote bandani isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alimfanya atukane kwa namna ambayo sitaiandika. Zamani alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko. Mkono wake una kovu refu la mafuta ya moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiwe wa ramani?"

"Ndimi."

"Mbona vijana wako hawaingii ndani? Dawa zangu wanaziacha kwa jirani. Jirani mwenyewe haonekani mpaka magharibi."

Nadhani alijua sababu vizuri kuliko mimi. Aliomba kuona, nikamfungulia ramani. Akasogeza simu mbali na uso, kama wafanyavyo wazee wasio na miwani, akasoma polepole. Uso wake haukubadilika.

"Na huyu?" Alikuwa akionyesha nukta nyingine.

"Hapo ni Kwa Boga. Na hapa. Na hapa pia."

"Hao ni watoto wa ndugu zangu. Mimi ndimi niliyezaliwa mbele. Hao ndio uwatafutie majina mengine."

Tulibishana juu ya jambo hilo kwa muda kama watu wawili wenye haki. Mwishowe akakubali kuitwa Kwa Boga Fundi, ingawa alisema ni kama anaomba kazi. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Machakos. Akasema aliwahi kufanya kazi na Mkamba mmoja mwizi. Hakunikaribisha chai.

Si mtu wa kupendeza. Nimerudi nikiwa nimeudhika, na nimeamua kwamba jina litoke Jumatatu, Phineas apende asipende.

Jumatatu, Mei 12

Nimelitoa. Phineas aliona, akatikisa kichwa. Kwenye ramani yetu sasa ni Kwa Boga Fundi.

Lakini ramani huria bado inalo, na programu nyingine zinazoichota zinalo. Moja, ya teksi, inalisoma kwa sauti: geuka kushoto baada ya Kwa Mchawi. Nimewaandikia wale wa kujitolea.

Alhamisi, Mei 15

Wamenijibu kwa adabu. Kanuni yao ni kuandika majina yanayotumiwa na wenyeji, na barua iliyokuja na data yetu inaeleza kwamba jina hili ndilo lenye makubaliano makubwa kuliko yote katika kata. Je, nina ushahidi gani wa jina jingine?

Barua hiyo niliiandika mimi.

Ijumaa, Mei 16

Nimewatumia maelezo marefu. Wamesema watajadiliana.

Jumatatu, Mei 19

Mvua mchana kutwa. Wanasema mtoto amezama kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji, upande wa mbali na Mtongwe. Ofisini hatukuwa na kazi nyingi.

Alhamisi, Mei 22

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu nguo zangu zina tope.

Alasiri Rashad alipigiwa simu na jirani wa Mzee Boga. Alisikiliza, akasimama, akaniambia, "Njoo." Hakueleza mpaka tulipokuwa juu ya pikipiki, na mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo nilisikia nusu tu. Kuna ujumbe ulioanza kuzunguka jana kwenye makundi ya simu kuhusu mtoto aliyezama. Ulisema hakuzama, alichukuliwa. Mwisho wa ujumbe kulikuwa na ramani.

Kichochoro kilijaa vijana. Majirani walikuwa ndani, milango imefungwa. Mzee Boga alikuwa ameketi kwenye tope mbele ya nyumba yake, mkono mmoja ukining'inia vibaya, damu masikioni. Walikuwa wamejaribu kuchoma jiko, lakini makuti yalikuwa yamelowa wiki nyingi na hayakushika. Yalitoa moshi tu, moshi mzito wa njano ulioshuka chini badala ya kupanda. Mwanarehema hakuwapo. Nilishukuru, kisha nikaona aibu kwamba hilo ndilo la kwanza nililofikiri.

Karibu nami alisimama kijana mwenye simu ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Alitazama simu, akatazama nyumba, akatazama simu tena. Nilizitambua rangi za ramani. Nukta ile niliijua.

Rashad alivua kofia ya pikipiki akapita katikati yao. Hakusukuma mtu. Alikwenda akasimama kando ya mzee, akawageukia.

"Nyinyi ni wa wapi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi ni wa hapa. Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hii. Kati yenu hakuna ninayemjua. Nambieni, mzee huyu aitwa nani?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Kijana wa simu akasema, si kwa ukali, kama mtu aliyeulizwa njia, "Simu yasema ni hapa."

"Sikuuliza simu. Nauliza jina lake."

Mmoja alikuwa ameshika jiwe, akaligeuza mkononi.

"Hamulijui," Rashad akasema. "Mwataka kuua mtu ambaye hata jina lake hamulijui."

Hapo mlango mmoja ukafunguka, upande wa pili wa kichochoro. Akatoka mama mnene amejifunga leso kichwani, akapita kwenye tope hadi kwa mzee, akamfunika kwa upande wa leso yake. Kisha mlango mwingine. Majirani walikuja tu wakasimama. Wale vijana wakaanza kupungua kutoka nyuma. Aliyekuwa na jiwe aliliweka chini, polepole, kama kitu cha mtu. Polisi walipofika kijana wa simu alikuwa bado pale. Nadhani hakujua njia ya kutoka.

Mzee Boga alisema neno moja tu tulipomwingiza kwenye gari la polisi kwenda hospitali. Alisema wamewakanyaga bata wake.

Ijumaa, Mei 23

Mkono umevunjika mahali pawili. Masikio yatapona, sikio la kushoto labda halitasikia vizuri.

Nimekwenda kituo cha polisi kutoa maelezo. Phineas alikuwa amenionya nisubiri wakili wa kampuni, nami nikamjibu kwamba nitakwenda, anifukuze akitaka. Nilipofika kituoni nilimkuta yeye mwenyewe kwenye benchi, viatu vimelowa, ana kompyuta mapajani. Alikuwa akiandikia kampuni moja moja zinazotumia ramani ile, akizitaka zilifute jina leo. "Wale wa kujitolea wameshafuta," akasema bila kuinua macho. "Niliwapigia." Nilikuwa nimemdhania mtu wa namba tu.

Jumatatu, Mei 26

Nimerudia kusikiliza sauti zote za nukta ile. Rashad pia alipita pale mwezi Aprili. Sauti yake inasema: nyumba ya mawe, mbele ya kisima kikavu. Kura moja.

Nilimfuata alipokuwa akifunga mnyororo wa pikipiki.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Hukuniambia nisiandike."

Aliendelea na mnyororo. "Dada Mwikali, wewe uliuliza watu wanapaitaje. Hukuuliza nani akaa pale. Nikafikiri, mtu mwenye kusoma hivi, yuajua afanyalo." Akafuta mikono. "Na mimi nilikuwa na uoga. Nyumba ya tatu, unasikia? Ukimtetea mtu mwenye jina lile, kesho na wewe unapewa."

Hakusema kwa kujitetea. Nilikaa naye mpaka alipomaliza.

Jumanne, Juni 3

Kanuni mpya: jina lolote linalomhusu mtu aliye hai haliandikwi mpaka aulizwe yeye mwenyewe. Phineas amekubali, ingawa itatuchelewesha. Nimeanza kupiga hodi. Wengi wanacheka. Bibi mmoja aliyekuwa akiitwa Kwa Mwizi wa Kuku ameomba aitwe Kwa Hajat, nami nimeandika.

Alhamisi, Juni 12

Mvua imepungua. Nimepita kwa Mwanarehema jioni, kabla ya magharibi. Mzee yuko kwake, amelazwa chumba cha cherehani, plasta hadi begani. Alilalamika juu ya kelele za cherehani na wakati huo huo juu ya kutosikia. Anataka kurudi nyumbani kwake Mtongwe. Mwanarehema anamwambia inshallah, na mimi najua anavyolitumia neno hilo, kuahirisha bila kukataa, maana nami mama yangu alikuwa na la kwake.

Najib ameingia kiwanjani. Ameweka kokoto na matofali mbele ya nyumba ya mzee. Kesi ya ardhi itasikilizwa, hawajui lini. Juu ya ule ujumbe wa simu, polisi hawajasema ulitoka kwa nani. Mwanarehema anasema yeye anajua. Mimi naandika ninachokijua tu.

Jumatano, Juni 18

Nyumba nyingi leo. Miguu inauma.

Jumanne, Juni 24

Asubuhi simu ya ofisi ililia nikapokea mimi. Mwanamume, sauti ya upole, salamu ndefu. Akasema anaitwa Najib na anajenga Mtongwe.

Alikuwa na lalamiko. Ameagiza simenti kwenye duka la chini yetu, na dereva wa lori alipotea, akampigia simu, kisha akamwambia, aa, nimepajua, ni pale Kwa Mchawi. Fundi wake naye amewaambia wenzake anafanya kazi Kwa Mchawi. Jana mama muuza chapati alikataa kumletea mafundi chakula.

"Ni ramani yenu," akasema. "Naomba mulitoe."

Nilifungua kompyuta ingawa sikuhitaji. "Kwenye ramani yetu hapana jina hilo," nikamwambia. "Lilitolewa Mei. Na kwingine pia limetolewa."

"Lakini wanasema."

"Ndiyo. Wanasema kwa mdomo."

Nilisikia koleo likikwaruza kokoto nyuma yake.

"Sasa nifanyeje?" akauliza.

Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuambiwa. Nilikuwa na majibu kadhaa, na moja lilikuwa kali, na lilikuwa tayari. Nikamwambia sijui. Tukaagana.

Jumatano, Juni 25

Nimempelekea Mwanarehema habari hiyo, na sikatai kwamba nilikwenda kama mtu aliyebeba zawadi. Alikuwa akitia vifungo kwenye shati la mtoto. Nilimsimulia yote: dereva, fundi, muuza chapati. Nilingoja acheke.

Hakucheka. Alikata uzi kwa meno.

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba hatuna jina hilo."

"Vyema." Alichukua kifungo kingine, akakitazama kwenye mwanga. "Hata yeye asiitwe hivyo. Ana watoto."

Kutoka ndani mzee akauliza nani amekuja. Mwanarehema akamjibu kwa sauti ya juu, kwa ajili ya sikio lile, kwamba ni Mwikali. Mzee akasema, basi mpe chai.